Kona ya Dada: Vitenzi vya Kiholanzi Vikirundikana Mwisho wa Sentensi

"Dada, niko Rotterdam tangu mwaka jana, nimemfuata mume wangu. Najiandaa na mtihani wa Kiholanzi wa kiwango cha B1. Maneno ninayo ya kutosha. Sokoni na shuleni kwa mtoto naelewana na watu. Shida yangu ni sentensi ndefu. Juzi mwalimu alisema: 'Ik weet dat hij zijn fiets heeft moeten laten maken.' Baiskeli niliisikia, na huyo mwenye baiskeli nilimsikia. Kisha vikaja vitenzi vinne kwa mpigo, nikapotea. Wenzangu darasani wanasema ni vya kukariri tu. Nifanyeje, dada?"

Mdogo wangu, swali lako si lako peke yako. Wanaliuliza walioko Uholanzi, wanaliuliza walioko Antwerpen na Brussels, na wanaliuliza walio bado nyumbani wakisomea mtihani wa awali wa ubalozini. Kwa hiyo leo naomba nikae nanyi nyote kwenye jambo hili moja, tulimalize.

Neno langu ni hili: vitenzi hivyo havikurundikwa ovyo, wala si vya kukariri. Katika kila kishazi cha Kiholanzi kuna kitenzi kimoja tu kinachobeba nafsi na wakati. Hicho ndicho kiongozi. Vinavyobaki vinamfuata kiongozi huyo kwa zamu, kila kimoja kikiamua umbo la kinachokuja nyuma yake. Ukizoea kumtafuta kiongozi kwanza, hata kundi la vitenzi vinne utalisoma bila hofu.

Kwa nini sisi tunapotea

Kiswahili kimetuzoesha kitenzi kinachojitosheleza. "Hatukuwaambia" ni neno moja, na ndani yake yumo mtenda, mna ukanushi, mna wakati na wamo walioambiwa. Hata tunapounganisha vitenzi viwili au vitatu, mara nyingi kila kimoja tunakipa nafsi yake: nilikuwa nasoma, watakuwa wameshafika, tulikuwa tumekaa tunaongea. Msikilizaji anakumbushwa nani anatenda kila baada ya neno moja au mawili.

Kiholanzi hakifanyi hivyo. Nafsi na wakati vinakaa kwenye kitenzi kimoja, ambacho walimu wa huko wanakiita "persoonsvorm". Sema "ik wil slapen", nataka kulala, kisha sema "zij willen slapen", wanataka kulala. Kilichobadilika ni "wil" kuwa "willen". "Slapen" imebaki vilevile. Ongeza wakati uliopita, "ik wilde slapen", na bado "slapen" haijaguswa. Sisi tunasubiri kila kitenzi kitutajie mwenyewe. Mholanzi ameshamtaja mara moja na hatarudia.

Kuna njia mbili za kumtafuta kiongozi, na watoto wa Kiholanzi wanafundishwa hizohizo shuleni. Ya kwanza, badilisha wakati wa sentensi. Kitenzi kitakachobadilika ndicho. "Hij moet morgen werken" ukiipeleka wakati uliopita inakuwa "hij moest gisteren werken", kwa hiyo kiongozi ni "moet". Ya pili, ifanye sentensi kuwa swali la ndiyo au hapana. Kitenzi kitakachokimbilia mwanzo ndicho: "Moet hij morgen werken?" Fanya zoezi hili kwenye gazeti, kwenye barua ya manispaa, kwenye tangazo la kituo cha treni. Piga mstari chini ya kiongozi kabla hujafungua kamusi.

Kiongozi ana makao mawili

Katika sentensi kuu, kiongozi anakaa nafasi ya pili, na vitenzi vingine vyote vinapelekwa mwisho. "Ik heb gisteren op de markt vis gekocht": jana nilinunua samaki sokoni. "Heb" iko ya pili, "gekocht" iko mwisho, na samaki, soko na jana vimekaa katikati. Nafasi ya pili haihesabiwi kwa maneno, inahesabiwa kwa sehemu za sentensi. Ukianza na "vorige week", wiki iliyopita, hayo maneno mawili ni sehemu moja, kwa hiyo unasema "Vorige week heb ik op de markt vis gekocht". Kiongozi hakuhama, aliyehama ni "ik", akaja nyuma yake.

Katika kishazi tegemezi mambo yanageuka. Ukishatamka neno kama "dat", "omdat", "als", "toen", "terwijl" au "hoewel", kiongozi anaiacha nafasi ya pili na kwenda mwisho kukaa na wenzake: "omdat ik gisteren op de markt vis heb gekocht". Hapo ndipo rundo linapozaliwa. Kwa hiyo, sikio lako likisikia "dat" au "omdat", lijiandae: mtenda atakuja sasa hivi, kitenzi kitakuja baadaye. Mshike mtenda, tulia, subiri.

Angalieni vizuri "want" na "omdat", kwa sababu zote mbili tunazitafsiri "kwa sababu" na hapo watu wengi wanateleza. "Want" haimhamishi kiongozi: "Ik blijf thuis, want ik ben ziek." "Omdat" inamhamisha: "Ik blijf thuis, omdat ik ziek ben." "En", "maar", "of" inayomaanisha "au", na "want" zinaunganisha tu, hazigusi mpangilio. Na ukianza na kishazi tegemezi, chote kinahesabiwa kuwa sehemu ya kwanza, kwa hiyo kiongozi wa sentensi kuu anakuja papo hapo baada yake: "Als ik tijd heb, bel ik mijn moeder." Ukisema "als ik tijd heb, ik bel", watakuelewa, lakini kwenye karatasi ya mtihani hilo ni kosa.

Kila kitenzi kina masharti yake

Sasa tuje kwenye kundi lenyewe. Kila kitenzi kinachotangulia kingine kinakitaka kije katika umbo fulani. Maumbo hayo ni matatu, na ukiyajua umeshamaliza nusu ya kazi.

La kwanza ni lile ambalo kwa kawaida lina "ge-", kama "gekocht", "gelezen", "gemaakt". Linatakiwa na "hebben", "zijn" na "worden". "Hebben" na "zijn" zinaonyesha jambo lililokamilika. Vitenzi vingi vinachukua "hebben"; vile vya kuelekea mahali au kubadilika hali, kama kuja, kwenda, kufika na kufa, vinachukua "zijn", na "blijven", kubaki, imo kundi hilohilo. "Worden" ndiyo ya kutendwa: "de brief wordt geschreven", barua inaandikwa.

La pili ni kitenzi kizima, kama kilivyo kwenye kamusi, bila nyongeza yoyote. Linatakiwa na "kunnen", "mogen", "moeten", "willen" na "zullen", na pia "gaan", "komen", "blijven", "laten", "zien" na "horen". "Ik ga slapen", naenda kulala. "Ik hoor haar zingen", namsikia akiimba.

La tatu ni kitenzi kizima kilichotanguliwa na "te". Linatakiwa na "proberen", kujaribu; "beginnen", kuanza; "vergeten", kusahau; "beloven", kuahidi; "durven", kuthubutu; na "hoeven", ambayo huonekana hasa kwenye kanusho. "Ik probeer Nederlands te spreken." "Hij vergeet de deur te sluiten." Mkitaja lengo, ongezeni "om": "Ik ga naar de winkel om brood te kopen."

Kwenye "te" kuna zawadi kwa msemaji wa Kiswahili. Sisi tunasema "amesimama anangoja basi" na "tumekaa tunaongea", tukitumia mkao wa mwili kuonyesha jambo linaloendelea. Waholanzi wanafanya vivyo hivyo kwa "staan", "zitten", "liggen" na "lopen": "Hij staat op de bus te wachten", "Wij zitten te praten", "Het kind ligt te slapen". Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa wazo hili, analo tayari; alichobakiza ni kuweka "te" mahali pake. Na kama mkao hauna maana, kuna njia ya "aan het": "Ik ben aan het koken", niko kwenye kupika.

Halafu kuna "laten", ambayo inawasumbua wengi kwa kuwa ina kazi mbili. Moja ni kuacha jambo litokee: "Laat hem slapen", mwache alale. Nyingine ni kumpa mtu mwingine kazi ifanyike: "Ik laat mijn haar knippen", naenda kukatwa nywele, maana mkata nywele si mimi. Kila mnapompelekea fundi kitu, daktari mtoto, au mshonaji kitambaa, "laten" iko karibu.

Umbo la "ge-" linapopotea

Hapa ndipo wanafunzi wazuri wanapokwama. Umeambiwa "hebben" inataka "ge-", sawa. "Ik heb haar gezien", nimemwona. Lakini ukitaka kusema umemwona akipita, yaani baada ya "kuona" kuna kitenzi kingine, "ge-" inatoweka na kitenzi kinarudi kuwa kizima: "Ik heb haar zien lopen." Husemi "gezien lopen". Vilevile "Ik heb niet kunnen komen", sikuweza kuja, si "gekund komen". "Hij is gaan slapen", ameenda kulala, si "gegaan slapen". "Zij is blijven werken", amebaki akifanya kazi.

Kanuni ni nyepesi kuitaja: "kunnen", "moeten", "mogen", "willen", "laten", "zien", "horen", "gaan", "komen" na "blijven" zikiwa katikati, yaani mbele yake kuna "hebben" au "zijn" na nyuma yake kuna kitenzi kizima, haziji na "ge-". Vile vya mkao vinafuata njia hiyohiyo, tena mara nyingi vinaangusha hata ile "te": "Ik zit te lezen" inakuwa "Ik heb zitten lezen".

Sasa, mdogo wangu wa Rotterdam, tuirudie sentensi ya mwalimu wako: "Ik weet dat hij zijn fiets heeft moeten laten maken." Neno "dat" limekutahadharisha. Mtenda ni "hij". Kitu ni "fiets". Kiongozi ni "heeft", na ndicho kitenzi pekee kinachojali kwamba mtenda ni yeye mmoja na kwamba jambo limeshatokea. Kinafuata "moeten", kulazimika. Kiko katikati, kwa hiyo hakina "ge-". Kinafuata "laten", kumpa mtu afanye. Anayefunga ni "maken", kutengeneza. Soma kutoka kushoto kwenda kulia: imeshatokea, alilazimika, kumpa mtu, atengeneze. Najua kwamba alilazimika kuipeleka baiskeli yake kwa fundi. Kila kitenzi kimekaa kwa zamu yake, na kila kimoja kimekiita kinachofuata.

Nyekundu na kijani

Mtasikia Waholanzi wawili wakisema jambo moja kwa mpangilio tofauti, na mtashangaa nani yuko sahihi. Mmoja anasema "omdat ik vis heb gekocht", mwingine "omdat ik vis gekocht heb". Wote wako sahihi. Wanaisimu wanaziita mpangilio mwekundu, ambapo kiongozi anatangulia umbo la "ge-", na mpangilio wa kijani, ambapo umbo la "ge-" linatangulia. Majina hayo yametokana na rangi zilizotumika kwenye ramani za lahaja za miaka ya 1950. Mwekundu una nguvu zaidi katika maandishi, na wa kijani unasikika sana watu wanapoongea.

Vitenzi vikiwa vitatu, umbo la "ge-" lina uhuru hata zaidi. "Barua inapaswa kutumwa kesho" unaweza kuiweka baada ya "dat" kwa njia tatu: "dat de brief morgen moet worden verstuurd", "dat de brief morgen verstuurd moet worden", na "dat de brief morgen moet verstuurd worden". Hii ya tatu mtaisikia zaidi Ubelgiji, upande wa Flanders. Angalieni kilichobaki palepale katika njia zote tatu: "moet" iko mbele ya "worden". Kinachotembea ni "verstuurd" peke yake, ambayo hapa ndiyo umbo la "ge-" ingawa haina "ge-" yenyewe.

Lakini uhuru huo ni wa umbo la "ge-" tu. Kundi lenye vitenzi vizima kama "heb kunnen komen" halina rangi mbili: kiongozi anatangulia, basi. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Katika kuongea na kuandika, wekeni kiongozi mwanzo wa kundi kila mara. Hamtakosea. Katika kusikiliza, muwe tayari kwa rangi zote mbili. Anayejaribu kutumia zote mbili kabla hajakomaa anajiongezea mzigo bila faida.

Vitenzi vinavyoachana na kurudiana

Nitapita hapa haraka, kwa kuwa mkijua makao mawili ya kiongozi, hili linajipa lenyewe. Kuna vitenzi vyenye kipande cha mbele kinachoweza kuachwa, kama "opbellen", kupiga simu. Katika sentensi kuu kipande kinabaki mwisho: "Ik bel je morgen op." Katika kishazi tegemezi vinaungana: "dat ik je morgen opbel". "Ge-" inaingia katikati: "opgebeld". "Te" nayo inaingia katikati: "op te bellen". Na kukiwa na kitenzi kingine, mnaweza kusema "dat ik je wil opbellen" au "dat ik je op wil bellen", zote zinakubalika. Mkisikia kitenzi cha kawaida nafasi ya pili, msiamue maana yake mpaka msikie neno la mwisho, kwa sababu kipande kidogo cha mwisho kinaweza kubadilisha maana nzima.

Kwa nini nalisisitiza hili

Nalisisitiza kwa sababu maisha yenu huko yanaendeshwa kwa makundi haya ya vitenzi. Barua ikisema "U moet het formulier inleveren", unatakiwa kuirudisha fomu. Ikisema "U had het formulier vóór 1 mei moeten inleveren", maana yake ulipaswa kuirudisha kabla ya tarehe hiyo na hukuirudisha. Tofauti ni "had" na nafasi ya "moeten". Anayesoma haraka ataona "moeten inleveren" akadhani bado ana muda. Kila mkiona "had" pamoja na "moeten" au "kunnen", simameni: mara nyingi jambo hilo limeshapita na halikufanyika, na mnatakiwa kuchukua hatua mara moja.

Mfano mwingine ni kukanusha. "Je hoeft niet te komen" ni si lazima uje. "Je moet niet komen", Uholanzi, inaeleweka kama usije. Flanders watu wengi wanaitumia "moet niet" kwa maana ya si lazima. Kwa hiyo aliyehama kutoka Gent kwenda Utrecht, au kinyume chake, aulize mara ya pili kabla ya kuchukua hatua. Kwenu ninyi mnaoongea, tumieni "hoeft niet te" mnapotaka kusema si lazima. Iko salama pande zote mbili.

Na adabu pia iko humo. "Kunt u mij helpen?" ni swali zuri. "Zou u mij kunnen helpen?" ni laini zaidi, kama sisi tunavyosema "ungeweza kunisaidia?" badala ya "unaweza?". Vitenzi vitatu, na tayari umemfungua moyo aliyekaa dirishani ofisini.

Usijidharau

Wapo wanaojiona wazito wa kichwa kwa sababu ya jambo hili. Nataka mjue kwamba makundi haya ya vitenzi yameshughulisha wanaisimu wakubwa. Arnold Evers aliyaandikia tasnifu yake huko Utrecht mwaka 1975, akilinganisha Kiholanzi na Kijerumani. Mwaka 1982 Joan Bresnan na wenzake watatu waliandika makala mahsusi kuhusu namna nomino na vitenzi vya Kiholanzi vinavyopishana.

Kupishana huko kuko hivi. Chukua kishazi "dat ik moeder de kinderen de kippen zag laten voeren": kwamba nilimwona mama akiwaachia watoto kazi ya kulisha kuku. Watu wametajwa kwanza wote, vitenzi vikafuata vyote. Mtu wa kwanza, "ik", ni wa kitenzi cha kwanza, "zag", niliona. Wa pili, "moeder", ni wa kitenzi cha pili, "laten". Watoto ni wa kitenzi cha tatu, "voeren", kulisha. Wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili. Kijerumani kinapanga kinyume: kitenzi cha mtu wa mwisho kinatajwa kwanza. Mwaka 1986 Emmon Bach, Colin Brown na William Marslen-Wilson walichapisha utafiti uliolinganisha wasikilizaji wa lugha hizi mbili, na waligundua kwamba kundi linaporefuka, mpangilio wa Kiholanzi ni mwepesi zaidi kueleweka. Kwa hiyo, mnajifunza mpangilio ulio rafiki kwa akili ya binadamu. Zamu ndiyo siri yake.

Na hata watoto wa Kiholanzi hawaanzi na sentensi kamili. Katika maneno yao ya mwanzo, mara nyingi wanaweka kitenzi kizima mwisho bila kiongozi yeyote, mfano wa "papa koffie drinken". Kiongozi wanamzoea baadaye. Jipeni nafasi hiyohiyo.

Fanyeni hivi kuanzia sasa

Kwanza, kuzeni sentensi moja badala ya kukariri nyingi. Andika "Ik werk". Kisha "Ik moet werken". Kisha "Ik heb moeten werken". Kisha "Hij weet dat ik heb moeten werken". Kesho chukua kitenzi kingine, "koken" au "wachten", upite njia ileile. Itamke kwa sauti, kwa sababu zamu ya vitenzi inakaa kwenye ulimi kabla ya kukaa kwenye daftari.

Pili, anzeni maoni yenu na "Ik denk dat" au "Ik vind dat". Maneno hayo yatawalazimisha kumpeleka kiongozi mwisho kila mnapotoa wazo, na mtihani wa kuongea unataka mawazo.

Tatu, sikilizeni habari za watoto. Uholanzi kuna Jeugdjournaal ya NOS, na Flanders kuna Karrewiet ya VRT. Lugha yake ni safi na sentensi zake zinapimika. Simamisha, rudia, mtaje kiongozi.

Nne, nendeni mahali pa kuongea. Maktaba nyingi za huko zina taalcafé, ambapo watu wanakaa na wageni kuzungumza tu. Mkiona mtu anahamia Kiingereza, na wengi watahamia kwa nia njema, mwambieni kwa upole: "Zullen we Nederlands praten? Ik wil het graag leren." Wengi watafurahi.

Tano, jueni kiwango chenu. Anayejiandaa na mtihani wa ubalozini, ambao ni wa kiwango cha A1, asijitese na vitenzi vinne. Ashike viwili barabara: "ik wil leren", "ik kan koken", "ik heb gewerkt". Walio chini ya sheria ya inburgering, yaani ya kuwajumuisha wahamiaji, iliyoanza tarehe 1 Januari 2022, ambayo lengo lake kuu ni B1, washike vitatu na kishazi tegemezi. Wanaolenga mtihani wa serikali uitwao Staatsexamen NT2 Programma II, ambayo ni B2, ndio wanaohitaji kuvimudu vinne bila kusita. Na kwa wote: sentensi mbili fupi zilizonyooka zina thamani kuliko moja ndefu iliyovunjika.

Mdogo wangu wa Rotterdam, usiwaamini wanaokwambia ukariri. Elewa zamu, kisha rudia mpaka ulimi uzoee. Hiyo ndiyo njia, na inafika. Na ninyi mliokwisha kufaulu, mnaofanya kazi na kulea watoto kwa Kiholanzi, nawaomba jambo moja: mchukueni mgeni mmoja anayeongea Kiswahili, mkae naye saa moja kwa wiki, mumwonyeshe kiongozi yuko wapi. Darasani ataelezwa kwa lugha ambayo bado haielewi. Ninyi mnaweza kumweleza kwa lugha yake.